Ukuta wa Nyuma

Jumanne, 4 Machi

Leo nimepata kazi ambayo sijui kama naiweza, na ndiyo sababu nimeanza kuandika.

Asubuhi mwanamke mmoja aliingia dukani kwangu hapa Kawangware, akasimama katikati ya nguo zilizoning'inia, akapiga kofi. Kofi moja tu, kama mtu anayeua mbu. Halafu akainamisha kichwa na kusikiliza. Daisy, wifi yangu, ambaye tunashona pamoja, aliacha cherehani akanitazama.

"Madam, kuna mbu?" nikauliza.

"Hapana. Duka lako ni zuri. Nguo zinameza sauti yote." Akaninyooshea mkono. "Naitwa Wanza Nyamai. Ule ukumbi wa muziki unaojengwa kando ya maghorofa ya Nyayo Highrise, mimi ndiye niliyeuchora. Nataka unishonee mapazia."

Mapazia nimeshona mengi. Lakini haya, alisema, yatakuwa ya sufu nzito, tabaka mbili, marefu kama nyumba ya ghorofa mbili, na hayatafunika dirisha hata moja. Yatafunika ukuta.

"Kwani huo ukuta una aibu gani?" Daisy akauliza.

Hakucheka. Alisema kitambaa kitaletwa, akaaga, akaondoka. "Huyo ni wale wa kuringa," Daisy akasema, nami nikakubaliana naye. Hata hivyo sikuikataa kazi. Kwaya yetu imealikwa kuimba siku ukumbi huo utakapofunguliwa, mwisho wa Mei, tena bila maiki, na tangu mwaliko ufike hakuna amani katika kwaya. Nataka niuone huo ukumbi kwa macho yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeuona.

Kwa nje haushangazi. Ni matofali mekundu, mrefu, mwembamba, kama sanduku la viatu. Nilitarajia vioo na nguzo. Niliposema hivyo, Wanza alinipeleka katikati ya viti na kuniambia nikae.

"Wembamba ni wa makusudi," akasema. "Mtu akiimba pale mbele, sauti inakufikia moja kwa moja. Halafu inagonga ukuta wa kando na kukufikia tena. Ukuta ukiwa karibu, sikio linazijumlisha na kusema, hii ni sauti moja, nene. Ukuta ukiwa mbali, sikio linasema, hao ni watu wawili."

Alinionyesha matofali ya kando, mengine yametokeza, mengine yamerudi ndani, kama meno ya mtoto. Nilidhani ni ulevi wa mwashi. Kumbe ni kuitawanya sauti isirudi kwa kishindo. Alinionyesha mbao kubwa zilizopinda kidogo, zimening'inizwa kwa nyaya juu ya jukwaa, ili waimbaji wasikiane wenyewe. Kisha tukateremka chini, akanionyesha kitu ambacho bado nakifikiria: ukumbi mzima umekalia pedi nene za mpira, haugusi ardhi. Ni nyumba ndani ya nyumba. Reli ya Kibera iko karibu. Tulipotoka nje treni ilikuwa inapita na udongo ukitetemeka. Tukarudi ndani, akafunga mlango, na treni haikuwepo tena.

Lakini kizuri kuliko vyote ni ukuta wa nyuma, ule unaotazama jukwaa. Umepigwa plasta laini na umepinda kama viganja viwili vinavyoteka maji. Nilimwambia hivyo, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Kaloki, msimamizi wa maseremala, mtu wa Kitui mwenye mabega kama mlango, alinivuta kando nilipokuwa naondoka. "Hii mbao ya dari amenirudishia mara kadhaa. Ati inalia. Mbao inalia aje?" Akatikisa kichwa. "Ni mgumu huyo. Jichunge."

Jumatatu, 10 Machi

Sufu imefika. Duka limejaa hadi mlangoni. Wateja wanaongea nami wakiwa barabarani.

Alhamisi, 13 Machi

Sindano zinavunjika. Daisy alimtukana Wanza kwa Kiluhya, halafu akashona upindo ulionyooka kuliko wangu.

Jumatano, 19 Machi

Joto. Mawingu yanakuja na kuondoka.

Jumapili, 23 Machi

Mvua imeanza, na imeanza na sisi.

Tulikuwa kwenye mazoezi baada ya ibada. Kanisa letu ni la mabati juu na kando, na mvua ilipoanguka ilikuwa kama mtu amemwaga lori la kokoto. Tuliona midomo ya wenzetu ikifunguka na kufungwa. Mwalimu Walubengo alishusha mikono, akakunja vidole vyake juu ya tumbo, akangoja.

Niandike habari zake, maana bila yeye haya mengine hayana uzito. Mwalimu Walubengo ni mchomeleaji wa milango na mageti hapa Kawangware, mtu wa Bungoma kama mimi. Kwaya hii aliianzisha mimi nikiwa msichana. Nyimbo nyingi tunazoimba alizitunga mwenyewe, na ndiye aliyekuwa akizianzisha, kwa sauti ambayo wapita njia walisimama kuisikia. Mwaka jana alipasuliwa koo. Alirudi mzima lakini sauti ilirudi nyembamba, kama uzi uliotolewa kwenye kamba. Sasa kamati ya kanisa inataka siku ya ufunguzi aanzishe Mbuvi, kijana mwenye kifua na sauti ya radi.

Mvua ilipopungua mzee mmoja wa kamati alisema bila kumtazama, "Mwalimu, pale hakuna maiki. Tusije tukaaibika."

Mwalimu aliinua mikono tena. Alisema tu, "Sauti ya pili, tuanze upya."

Jumanne, 25 Machi

Nilipeleka pazia la kwanza ukumbini kupimwa. Nilikaa ndani asubuhi nzima nikipima reli za juu, na nilipotoka nilikuta mtaro umefurika na watu wamejikunja chini ya penu. Kumbe mvua kubwa imenyesha na mimi sijui.

"Juu kuna mabati," Wanza aliniambia. "Chini ya mabati kuna hewa. Chini ya hewa kuna simiti nene. Mvua inapiga kelele yake huko juu na kuchoka kabla haijatufikia."

Nimeishi chini ya mabati maisha yangu yote. Sikujua kwamba mtu anaweza kuketi na kuamua jinsi mvua itakavyosikika.

Jumamosi, 29 Machi

Siku mbaya.

Kwaya nzima ilikwenda kujaribu ukumbi. Watu walikuwa wamevaa vizuri kama wanaenda harusini. Tulipanda jukwaani, tukagusa mbao, tukapiga picha. Mbuvi alisema "hallo" na kila mtu akacheka kwa furaha, jinsi neno lilivyosimama. Wanza alikaa kwenye kiti cha kati, miguu pamoja, kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

Mwalimu alisogea mbele. Kabla kamati haijasema lolote, akaanzisha wimbo wake kuhusu mama yake.

Mstari wa kwanza ulitoka mwembamba lakini safi. Alipofunga mdomo, mstari ukarudi. Si mwangwi wa pangoni unaofifia, la. Maneno yaleyale, wazi, kutoka ukuta wa nyuma, kama mtu aliyejificha kule akimwiga. Mwalimu alishtuka, akatazama nyuma ya viti. Akajaribu mstari wa pili, na ukarudishwa usoni mwake vilevile, na ile sauti ya uzi ikasikika nyembamba maradufu. Vijana wawili wa besi walishindwa kujizuia, wakacheka. Kicheko nacho kikarudi.

Alishuka jukwaani, akapita katikati ya viti, akatoka. Hatukumfuata. Aibu ilitushika miguu.

Nilidhani Wanza atalaumu koo la Mwalimu, au hali ya hewa, au mafundi. Alipanda jukwaani, akapiga kofi, na wote tukasikia: pa, kisha pa. Akasimama hapo akiutazama ule ukuta wake mzuri.

"Ni kosa langu," akasema, kwa sauti ya kawaida, na kila mtu alimsikia. "Ukuta ule ukipinda hivyo unakusanya sauti yote na kuirudisha mahali pamoja, pale anaposimama mwimbaji. Niliambiwa niunyooshe. Sikutaka. Niliupenda."

Kaloki, aliyekuwa mlangoni, alivua kofia. Nadhani hakutarajia kusikia maneno hayo kutoka kwake. Mimi pia sikutarajia.

Jumanne, 1 Aprili

Wanza alikuja dukani akiwa ameloa. Safari hii hakupiga kofi. Daisy alimpa chai bila kuulizwa. Alikunywa nusu kikombe, kisha akasema, "Nipeleke kwa Mwalimu."

Tulimkuta nje ya nyumba yake akichomelea geti, kwenye jua dogo katikati ya mvua mbili. Alizima mashine, akainua kinga ya uso.

"Mwalimu, nimekuja kukuomba msamaha," Wanza akasema. "Ukuta wangu ulikukejeli mbele ya watu."

Mwalimu alituvutia benchi.

"Madam, si ukuta ulionifukuza. Kanisani kwetu kuna ngoma, kuna kinanda, kuna mabati. Tangu nitoke hospitali sijajisikia. Pale kwako nilijisikia, tena mara mbili." Aligusa kovu lake la shingoni. "Hiyo sauti siyo yangu."

Nilijua sasa atabembelezwa. Ataambiwa sauti yake ni nzuri, ni ya malaika, maneno wanayopewa wagonjwa. Nikaangalia chini.

"Ni nyembamba," Wanza akasema. "Lakini kila neno lilifika kule nyuma. Ndiyo maana lilirudi. Mbuvi aliposema 'hallo' nilisikia ukubwa wake. Wewe ulipoimba nilisikia mama uliyekuwa unamwimba."

Mwalimu aliweka kinga ya uso chini.

"Ule ukuta naubomoa Jumatatu," Wanza akaendelea. "Sauti yako sitaitengeneza, sijui kazi hiyo. Nakuomba kitu kimoja. Usimpe mtu wimbo wako kabla hujausikia ukuta mpya."

"Na nikisikia bado siipendi?"

"Utamwachia Mbuvi, na mimi nitakuwa nimewajengea watu stoo kubwa."

Mwalimu akacheka, kicheko kikavu kama kikohozi. Akanigeukia. "Mourine, huyu ulimtoa wapi?"

"Alikuja dukani kuua mbu."

Njiani kurudi Wanza aliniambia alikulia Riruta, chumba kimoja, na jirani aliyegombana na mkewe kila jioni. Alikuwa akiweka sikio ukutani, si kusikia ugomvi, bali kujua kwa nini maneno ya mume yanapita na ya mke hayapiti. Nilimwona ana majivuno. Sasa nadhani ni mtu ambaye hajawahi kuacha kusikiliza ukuta.

Jumatatu, 7 Aprili

Nyundo tangu asubuhi. Plasta laini imeanguka yote. Wanza alishika nyundo mwenyewe kwa dakika chache, akapiga katikati kabisa, akampa Kaloki.

"Kwa nini usiweke tu sponji?" Kaloki alimuuliza. "Sponji itameza, tumalize."

"Sponji itaua. Mwimbaji akiimba na ukumbi usimjibu kabisa, anadhani hakuna mtu. Sitaki sauti ife, Kaloki. Nataka itawanyike, irudi kama watu wengi wanaonong'ona, si kama mtu mmoja anayepayuka."

Kaloki alikaa akifikiria hilo. Baadaye nilimsikia akiwaeleza maseremala wake maneno yaleyale, kama ni yake.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua.

Jumatano, 16 Aprili

Nimetoka kuutazama ukuta mpya. Ni vipande vya mbao ya mvule, virefu kama mikono, kila kimoja kimechongwa kina chake: kingine kimetokeza hadi unaweza kukikalia, kingine kimezama ndani. Kutoka mbali unaonekana kama mlima wa Machakos uliokatwa kwa kisu. Hakuna vipande viwili jirani vinavyofanana. Maseremala wamevipanga kwa mchoro wa Wanza, na yeye hupita akigonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. Kikilia kinatolewa.

Leo kimoja kilitolewa na Kaloki mwenyewe kabla hajafika. "Kilikuwa kinalia," akaniambia, kwa fahari kabisa.

Mapazia yamekaribia kuisha. Daisy amepunguza matusi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mwalimu aliongoza kwa mikono tu, akamwachia Mbuvi kuanzisha. Mbuvi aliimba vizuri, na hilo nalo liliniuma.

Alhamisi, 24 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Mvua ya jana haikukatika, na alfajiri mto ulipanda. Kule Silanga, Kibera, nyumba za ukingoni zilikwenda na kila kitu. Mimi na Daisy tulikuwa tumelala kwa dada yake Laini Saba, tumalizie kuning'iniza mapazia leo. Tulipofika ukumbini kulipokucha, uwanja ulikuwa umejaa watu. Ule ukumbi umejengwa juu ya mwinuko, na wote waliokimbia maji walipandia huko. Akina mama na watoto mgongoni, magodoro yanayochuruzika, mzee aliyekumbatia televisheni, msichana aliyebeba kuku wawili chini ya sweta.

Mlango ulikuwa umefungwa. Askari, Wepukhulu, alisimama mbele yake na uso wa mtu anayetaka kulia.

"Bodi ya ukumbi wamenipigia simu. Hakuna mtu kuingia na matope. Sakafu imepakwa vanishi juzi. Unyevu utakunja mbao," alirudia kama anasoma.

Wanza alifika kwa miguu, gambuti hadi magotini.

"Fungua, Wepukhulu."

"Madam, nitafutwa kazi."

"Basi nipe ufunguo. Wanifute mimi."

Alifungua mwenyewe. Alijua kuliko sote maana ya maji kwa zile mbao, nilimwona alivyofumba macho godoro la kwanza lilipoburutwa kwenye sakafu. Lakini aliushikilia mlango wazi mpaka mtu wa mwisho akaingia. Kaloki na watu wake walitandaza karatasi za nailoni, kisha wakaacha, hazikutosha hata pembe moja.

Ndani kulikuwa na baridi. Watoto walikuwa wakitetemeka. Nilimwona mama mmoja akimkanda mtoto mchanga miguu, na miguu ilikuwa ya rangi ambayo sikuipenda. Nyuma ya jukwaa mapazia yetu yalikuwa yamekunjwa vizuri, masika yote ya kazi yetu, sufu safi ambayo haijaguswa na vumbi.

Nikashika la kwanza, nikaanza kulivuta.

"Mourine," Daisy akasema, "hiyo ni..."

"Najua ni nini. Shika upande wa pili."

Alishika. Pazia moja lilitosha safu nzima ya watoto, nusu chini yao na nusu juu yao. Tukaleta jingine, na jingine. Yule mtoto mchanga tulimfunga kwenye pembe ya pazia mara nyingi hadi akaonekana pua tu. Baada ya muda pua ile ikapiga chafya, na mama yake akaanza kucheka na kutetemeka kwa pamoja.

Lakini kelele! Ukumbi umejengwa ili kila sauti isikike, na sasa ulikuwa unafanya kazi hiyo kwa kilio. Mtoto mmoja akilia, wote walimsikia na wote wakalia. Wakubwa wakapaza sauti ili wasikiane, watoto wakazidi.

Karibu saa nne kwaya ilifika na chai na mikate. Mwalimu Walubengo alikuwa mbele, akiwa na nguo za kazi. Alisimama mlangoni akitazama. Kisha akaweka chini birika, akapita katikati ya magodoro hadi chini ya jukwaa. Hakupanda. Akaanza kuimba wimbo wa kubembelezea watoto, kwa Kibukusu, ambao mama yake alikuwa akimwimbia.

Hakupaza sauti. Hawezi. Alitoa ile sauti ya uzi.

Nilikuwa roshani ya juu kabisa, nyuma, nikimfunika bibi mmoja. Nilimsikia kama amekaa kiti cha pembeni yangu. Nilisikia "s" na "kh" na pumzi kati ya maneno. Ule ukuta wa mbao mgongoni kwangu haukumwiga. Uliipokea sauti na kuiachia taratibu, pande zote, hata usijue imetoka wapi. Waliokuwa karibu naye walinyamaza kwanza, kisha walio mbali, si kwa kuambiwa, bali kwa sababu ili kumsikia vizuri ilibidi unyamaze. Watoto waligeuza vichwa wakimtafuta. Alipomaliza ubeti wa kwanza hakukuwa na kilio hata kimoja ndani ya ule ukumbi, na akaendelea na wa pili kana kwamba hajui.

Bibi niliyekuwa namfunika si Mluhya. Aliniuliza kwa kunong'ona, "Anasema nini?"

"Anasema lala, ng'ombe wamerudi."

"Hata mimi nimesikia hivyo," akasema.

Niliposhuka, Wanza alikuwa ameketi sakafuni katikati ya watu, mgongo kwenye nguzo. "Niliuchora ukiwa mtupu," akaniambia. "Nilipima kila kitu ukiwa mtupu. Sikuwahi kuwasikia watu ndani yake."

Jumapili, 27 Aprili

Wengine wamepata jamaa wa kuwapokea, wengine bado wako ukumbini. Yule mtoto mchanga ananyonya vizuri. Ibada tulifanyia huko.

Jumamosi, 3 Mei

Wa mwisho wameondoka leo. Sakafu imevimba karibu na milango. Bodi walimwita Wanza, na alitoka kwenye kikao akiwa mwekundu macho. Sikumuuliza. Alivaa ovaroli akapiga magoti kando ya Kaloki, wakaanza kupiga msasa.

Mapazia yana matope, maziwa, chai, na vitu vingine. Tumeyafua kwa miguu, mimi, Daisy na akina mama wa Silanga waliokataa kuachwa nyuma. Hakuna kamba ya kuanikia vitu virefu hivyo. Watu wa Nyayo Highrise wakafungua milango yao wenyewe, na leo alasiri mapazia ya ukumbi yalikuwa yananing'inia kutoka roshani za ghorofa ya juu, moja baada ya jingine, yakipepea taratibu kwa uzito wake. Watu walisimama barabarani kutazama. Madoa mengine hayatoki. Nilimwonyesha Wanza nikiwa na wasiwasi.

"Sauti haioni doa," akasema.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua imepungua. Mbao nne za dari zimepinda. Kaloki anachonga nyingine.

Jumamosi, 17 Mei

Leo Wanza alifanya jaribio ambalo alisema hakuna aliyemfundisha. Aliwaalika wote waliolala ukumbini waje wakae kwenye viti, na watoto wao na masweta yao, ili apime ukumbi ukiwa na miili. Walikuja hata ambao hawakulala huko. Tuliimba wimbo mmoja mapazia yakiwa yamefunika kuta, kisha nusu, kisha yamevutwa yote na kufichwa kwenye makabati ya ukutani.

Yakiwa yamefichwa, ndipo ikawa tamu.

"Watu wenyewe ni sufu," Wanza akasema, akifurahi kama mtoto. "Siku ya kwaya tusiyatumie kabisa."

Niliumia. Nilirudi Kawangware nimenuna, Daisy naye akanuna kwa kuniunga mkono.

Jumanne, 20 Mei

Nimeitwa ukumbini bila kuambiwa sababu. Kundi la ngoma la Kibera lilikuwa kwenye mazoezi. Kwanza walipiga kuta zikiwa tupu: uji mtupu, pigo juu ya pigo. Kisha Wanza akanipa kamba mkononi. Nikavuta, na mapazia yetu yakatoka ukutani yakijikunjua, madoa na yote. Wakapiga tena. Kila pigo lilisimama peke yake, na kidole cha kila mpigaji kikasikika.

Nimeisikia kazi yangu. Sijawahi kusikia nguo niliyoshona.

Jumatano, 28 Mei

Mwalimu alikwenda ukumbini peke yake na Wanza. Alirudi, akasimama mlangoni mwa duka langu.

"Bado siipendi," akasema.

Nikaweka mkasi chini. "Kwa hiyo ni Mbuvi?"

"Sikusema hivyo. Nimesema siipendi. Lakini ni mimi. Nimeisikia vizuri sasa, ni mimi." Akaondoka zake akipiga mluzi.

Jumamosi, 31 Mei

Tumeimba.

Ilikuwa alasiri, taa za viti zikiwa zimeachwa ziwake, kwa hiyo kutoka jukwaani niliwaona wote. Wageni wa heshima mbele, kamati ya kanisa imekaa wima, na huko nyuma na juu roshani, watu wa Silanga, Laini Saba na Kawangware. Wanza hakukaa. Alisimama mwisho kabisa, mgongo kwenye ukuta wa mbao. Jina lake lilitajwa haraka kwenye hotuba, lakini Kaloki na maseremala wake walisimama wote kumpigia makofi, wakachelewesha programu.

Mwalimu alisogea mbele. Wimbo ulikuwa mpya, nje ya kwaya ni Wanza tu aliyekuwa ameusikia, Jumatano ile; aliutunga mwaka jana akiwa bado hawezi kuongea. Mbuvi alisimama nyuma yake na besi, na nitasema ukweli, aliishusha ile sauti yake ya radi kwa heshima hadi ikawa kama mkono mgongoni kwa mzee.

Ubeti wa kwanza una mstari mrefu sana. Mwalimu aliupanda polepole, noti baada ya noti, na kabla ya neno la mwisho pumzi ikamwishia. Niliona bega lake likishuka. Kanisani ngoma ingemfunika. Hapa hakukuwa na ngoma, na sisi wengine hatukuwa na sauti ya kuingiza pale. Nikakaza vidole kwenye sketi yangu.

Lakini noti haikukatika. Mdomo wake ulikuwa umefungwa na noti ilikuwa bado imesimama hewani, kwenye zile mbao za juu, kwenye matofali ya kando, ikishuka bila haraka. Ukumbi ulimshikia. Mwalimu alisikia. Aliinua uso, akavuta pumzi, hata hakuharakisha, na kabla ile noti haijaisha akaingia na neno lililobaki, na likaungana bila mshono.

Nilimtazama Wanza kule nyuma. Midomo yake ilikuwa inahesabu, nilijua anahesabu sauti inachukua muda gani kufifia, ndio ugonjwa wake. Mwalimu akaanza ubeti wa pili. Midomo ya Wanza ikaacha kuhesabu. Akafumba macho, akaegemea ukuta wake, na nikaona ameanza kuimba.